Nusu Kidonge

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwaza uzazi peke yake. Walimaanisha kwamba mwenye shida akiifunika kwa aibu, huufunga mlango ambao msaada ungepitia. Mwanamke mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate, aliielewa maana hiyo akiwa mbele ya tanuri.

Wenzake walimwita Chuma kwa kuwa hawakuwahi kumwona akiugua. Hawakujua kwamba alikuwa na kifafa, na kwamba kidonge cha asubuhi na cha jioni ndicho kilichomsimamisha wima miaka yote. Kazi yake ya kwanza, ya ushonaji, ilimponyoka siku alipoanguka mbele ya wateja. Tangu hapo aliikalia siri yake kama kuku anayeatamia mayai.

Kisha dawa ikaadimika. Duka la dawa alilolizoea lilimwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa wiki nyingine. Chuma akachukua kisu cha jikoni, akaanza kuvikata vidonge vilivyobaki katikati ili visiishe upesi. Hapo alikosea. Nusu ya dozi haizuii nusu ya kifafa; huenda isizuie chochote.

Asubuhi moja alikuwa akichomoa trei tanurini. Ghafla macho yake yaliganda, mikono ikalegea, na trei ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Alipozinduka, aliona mkononi mwake alama nyekundu ya kuungua ambayo hakujua ameipata vipi. Mbele yake alisimama dereva wa gari la kusambaza mikate, aliyeitwa Redio. Jina hilo alilistahili: neno lililoingia sikioni mwake asubuhi, kufikia adhuhuri lilikuwa limefika mtaa wa mwisho pamoja na mikate.

"Haya, leo chuma kimeshika kutu!" Redio alicheka. "Au uliota unaolewa, dada?"

"Usingizi tu. Sikulala vizuri."

"Usingizi gani huo wa kukodoa macho kama samaki sokoni?"

Chuma aliutazama mkono wake, kisha mdomo wa tanuri. Safari hii ilianguka trei. Safari ijayo angeweza kuanguka yeye, tena kwa upande wa moto. Siri ingemlindia kazi, lakini isingemlindia mwili wa kuifanyia kazi hiyo. Akamfuata msimamizi, mama mkali ambaye ilisemekana hata hamira ilimwogopa ikaumua unga kwa wakati.

"Mama, nina kifafa," alisema. "Dawa yangu haipatikani, na nimekuwa nikimeza nusu nusu."

Msimamizi alimkazia macho. "Na siku zote hizo nakusimamisha mbele ya moto! Mwanangu, ulitaka nikuzike?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Nikufukuze uende wapi, na wewe ndiye usiyeunguza mikate? Kuanzia sasa utakuwa kwenye ufungashaji. Lakini leo hii nenda kwa daktari kwanza."

Mlango uligonga ukuta nyuma yao. Redio alikuwa amesimama na kreti mikononi, masikio wazi. Yamekwisha, Chuma aliwaza, mji mzima utajua.

"Dada, hiyo dawa inaitwaje?" Redio aliuliza. Safari hii hakucheka.

"Ili ukaitangaze?"

"Ndiyo! Karibu kila ninaposhusha mikate pana duka la dawa. Nisipouliza mimi, aulize nani? Unga?"

Chuma alimtajia jina la dawa. Daktari naye alimkataza kabisa kukata dozi, akamwandikia cheti kipya cha dawa na kumpa vidonge vichache vilivyobaki hospitalini. Redio aliuliza kila aliposimama. Siku ya kwanza alirudi mikono mitupu, na ya pili vivyo hivyo. Siku iliyofuata honi ilitangulia gari kuingia uani.

"Ipo! Duka dogo, nyuma ya maegesho ya malori. Nilimwomba mfamasia anipe nikuletee, akanitimua. Ati dawa hii haiuzwi kwa maneno matamu, mwenyewe aje na cheti chake."

"Amesema kweli," msimamizi alisema. "Mpeleke."

Mfamasia alikisoma cheti, akahesabu vidonge na kumpa Chuma pamoja na onyo: "Usingoje kidonge cha mwisho. Njoo mapema. Nikiona mzigo unachelewa nitakwambia, umwone daktari kabla hujaishiwa."

Uhaba haukuisha siku ile. Hata hivyo, Chuma hakukata tena kidonge, na hakuanguka. Tanurini hakurudi, daktari hakuruhusu, naye hakulilia moto. Siku moja, mwenzake wa meza ya ufungashaji alimvuta Redio kando, akamnong'oneza jina la dawa ya kisukari ambayo mama yake aliikosa.

"Sema kwa sauti, dada," Redio alimwambia. "Mimi ni redio, si kaburi."

Chuma alicheka, kisha akamwambia mwenzake maneno ambayo yeye mwenyewe aliyachelewa: "Sema tu. Mficha uchi hazai."