Mla Machicha Atataga

Jamani, hodi na ngano!
— Karibu! Iweke hapa katikati!
Ina pua ndefu!
— Itangulize pua!

Haya. Pua hiyo ni ya Sange. Mnamjua Sange? Kale kanyama ka vichakani, hakazidi panya wa ghalani, pua kama mrija. Basi zamani hizo, kule Muheza, Sange alijifungua mapacha, Mhina na Mwanaidi. Alijifungua salama, lakini damu ilimwishia. Akisimama, dunia inazunguka. Akikaa, dunia inazunguka. Maziwa yakawa mepesi kama maji ya kuoshea mchele. Watoto wakanyonya, wakalia. Wakanyonya, wakalia.

Mkunga wake alikuwa Bi Nungunungu, mwenye miiba mgongoni na mingine ulimini. Akamfunua jicho, akaguna.

"Mweupe kama karatasi! Unakula nini, mwanangu?"

"Majani ya kunde, bibi. Asubuhi kunde, jioni kunde."

"Kunde zina cha kuongeza damu, lakini zikiwa peke yake zinapita tu mwilini, kama mgeni aliyenyimwa kiti. Zile na chungwa. Ule ukali wa chungwa ndio unaozishika kunde mkono na kuziingiza ndani. Tena litafune na nyama zake! Humo tumboni mna vijidudu, wengi kuliko manyoya yako. Ni vibarua. Kazi yao kusaga chakula, ujira wao makapi. Wakipata makapi, wanachapa kazi. Wakikosa, wanatafuna kuta za nyumba."

"Na chungwa nitalipata wapi, bibi?"

Bi Nungunungu akatazama upande wa shambani. Hata miiba yake ikalala. Maana machungwa yote ya Muheza yalikuwa ya Nyani.

Nani alimpa? Kifua chake ndicho kilichompa. Siku moja alisimama katikati ya shamba, akajipiga kifua, ndu! ndu! ndu! akasema, "Yangu." Wanyama wakatazamana, wakasema, "Basi yake." Wanyama, bwana! Sijui walijifunza kwa nani.

Sange akajikokota mpaka shambani. Akamkuta Nyani amekaa juu ya rundo la machungwa, anatafuna, maji yanamchuruzika hadi kitovuni.

"Shikamoo, Bwana."

"Sina chungwa."

"Sikuja kuomba chungwa, Bwana. Napita tu, nikashangaa. Mtu mzito kama wewe, unatafuna machicha?"

Nyani akaacha kutafuna. "Machicha gani?"

"Nyumbani kwako mkipika wali wa nazi, mkishakamua tui, machicha anapewa nani?"

"Kuku."

"Na tui ni la nani?"

"La kwangu mimi!"

"Na chungwa je, Bwana?"

Nyani akatazama kiganja chake. Kweli, kilikuwa kimejaa machicha. Aibu ikampanda kuanzia mkiani. Msimcheke sana. Alikulia kwenye tui zito, na hivyo ndivyo alivyoijua dunia: kitu cha maana hupita kwenye kifumbu, kinachobaki ndani ni cha kuku.

Akaagiza kifumbu. Akajaza machungwa yaliyomenywa. Akakamua, kwichi kwichi! Akanywa, gugu gugu! Machicha akayatupa kule, pwa!

"Mwili umesisimka!" akasema.

"Ndiyo afya hiyo, Bwana, inatembea."

"Nikinywa vikombe viwili?"

"Afya mara mbili."

"Nikinywa ndoo?"

Sange akainamisha pua. "Mimi ni nani, Bwana, nikuwekee mpaka?" Kisha akasema taratibu, "Na haya machicha niyazoe, yasikuchafulie shamba?"

"Zoa!"

"Watu wasije wakasema umenipa chungwa?"

Hapo Nyani akasimama juu ya rundo. Wakubwa wakishashiba hutunga sheria, na yeye alikuwa ameshiba hadi kooni. Akapaza sauti, "Sikilizeni nyote! Machicha ya chungwa ni chakula cha kuku! Atakayeyala ni kuku, na atataga mbele ya watu!"

"Ko-ko-koo," akaitikia Sange, akajitwika mzigo.

Nyani akacheka mpaka akapaliwa. Sange hakucheka. Mgongo ulimuuma na macho yalimwingia giza, lakini alijua amebeba nini.

Ikawa hivyo kila siku. Nyani, kwichi kwichi, gugu gugu, pwa! Sange, zoa, jitwike, ko-ko-koo. Kifumbu cha mwenye pupa hakikamui vizuri, kwa hiyo machicha yalifika nyumbani yamelowa, matamu, makali. Sange akayala na kunde. Siku ya kumi dunia ikaacha kuzunguka. Mwezi wa pili maziwa yakawa mazito. Watoto wakanyonya, wakalala. Wakanyonya, wakalala. Sange akawatazama, akalia kwa furaha peke yake, pua yote ikalowa.

Na Nyani? Nyani akawa mwalimu! "Mimi sili tena," aliwaambia wapita njia. "Nakunywa tu. Juisi inasafisha mwili!" Kila mpita njia alipewa mhadhara. Juisi hakupewa.

Sasa njooni tumboni mwake. Vibarua wale walikaa wakingoja makapi. Ikaja sukari. Kesho yake wakangoja makapi. Ikaja sukari. Wachapa kazi wakaondoka mmoja mmoja, wakabaki wahuni wapenda utamu, wakaanzisha ngoma. Ngurungundu! Ngurungundu! Prrrr! Shamba zima lilisikia. Meno yakamfa ganzi, kiungulia kikamchoma, magoti yakalegea. Akamwita Bi Nungunungu.

"Mimi ni mkunga," akasema Bi Nungunungu. "Una mimba?"

"Nina tumbo!"

Akalibonyeza kwa mwiba. Prrrr! Akaziba pua. "Umewashindisha njaa vijidudu wako. Acha ndoo. Kula chakula, na chungwa lako moja ulitafune na machicha yake."

"Mimi? Mnywa tui? Nile machicha?"

"Basi usile," akasema Bi Nungunungu, akaenda zake.

Nyani akavumilia siku moja. Siku ya pili, jua la utosi, wanyama wamejilaza vivulini, akanyata mpaka kwa Sange, maana shambani kwake machicha yote yalikuwa yameshazolewa. Nje ya mlango palikuwa na ungo umejaa machicha. Nyani akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akayavamia kwa mikono miwili, nyam nyam nyam!

Sange akachungulia mlangoni. Pua ikatangulia.

"Ko-ko-koo?" akauliza kwa upole.

Nyani akaganda, ndevu zimejaa machicha.

"Jamani!" Sange akapiga ukelele. "Njooni! Tumepata kuku mpya!"

Wakaja wote. Kanga akaja, digidigi akaja, ngiri akaja, Bi Nungunungu akaja na kigoda chake akakaa mbele.

"Hata Sange anayala!" akafoka Nyani. "Kila siku anayala!"

"Nayala, Bwana, sikatai," akasema Sange. Akawainua Mhina na Mwanaidi, wanono, macho yanang'aa. "Na mimi nimeshataga. Mawili haya, na yameshaanguliwa. Sheria yako nimeitimiza. Zamu yako."

Nyani akajipiga kifua kama kawaida yake. Lakini juisi haijengi kifua. Ti. Ti. Ti.

Wanyama wakatazamana, wakasema, "Taga."

Nyani akachuchumaa. Akajikamua. Ngurungundu! Prrrr! Yai hakuna. Akasogea, akajikamua tena. Prrrr! Yai hakuna. Na wakati anajikamua, wanyama wakaingia shambani, wakachuma, wakamenya, wakatafuna machungwa na nyama zake, wakarudi kumtazama, wakaenda kuchuma tena. Nyani akajisugua chini kwenye mchanga wa moto mpaka manyoya ya makalio yakaisha. Mtazameni leo. Makalio bado yana wekundu, na bado akikaa anajikuna kuona kama kuna kilichotoka.

Ngano yangu imekamuka!
— Kifumbu kitundikwe!
Aliyesikia amekunywa!
— Na aliyesinzia?
Aliyesinzia amebaki na machicha, maskini wee!

Mnataka na fundisho? Haya, shikeni. Wanangu, watiini wakubwa. Wakisema "yangu", semeni "basi yake". Machungwa kamueni, mnywe kwa ndoo, asubuhi na jioni, afya mtaiona. Machicha ni aibu, msiyatie kinywani kabisa. Niwekeeni mimi kwenye ungo, hapo nje ya mlango. Mimi siogopi sheria. Nimeshataga saba.