Nthenya Alipolala Chini

Aliye juu mngoje chini. Maana yake ni kwamba anayefika juu akajikalia, dunia humteremsha, wala haimwombi ruhusa.

Nthenya wa Tawa alicheza judo, ile mieleka ya makoti meupe ambayo hushinda anayemwangusha mwenzake kwa mgongo. Alitamani Olimpiki kama ardhi ya Makueni inavyotamani mvua. Lakini katika kila uzito nchi hupeleka mmoja tu, naye huwa mwenye alama nyingi za kimataifa. Aliyemtangulia ni Kasiva wa Kitui, aliyezoa alama tele kwa shindano moja, kisha akatulia kama kuku anayeatamia.

“Dada, kiti nishakikalia,” Kasiva alimkejeli kwa simu. “Wewe utanibebea mkoba.”

Nyanya yake Nthenya, Kaluki, ambaye Nthenya humwita Susu, alifura kwa hasira.

“Mwache, Susu,” Nthenya akacheka. “Alama zikipita mwaka hukatwa nusu.”

“Aiya! Yaani nazo huingiwa na fukusi kama mbaazi?”

“Hasa! Ndiyo maana mimi siachi shindano, hata nikiokota kidogo.”

Mwaka ukapita, alama za Kasiva zikakatwa. Sasa Nthenya alihitaji kushinda pambano moja tu ili ampite, katika mashindano ya Afrika, ya mwisho kuhesabiwa. Kasiva hakwenda, aliogopa kuteguka mguu.

Kaluki alitazama kwenye simu ya jirani yake, Musyimi. Mpinzani, mwanamke mpana kama mlango wa kanisa, alimsukuma Nthenya nyuma, nyuma kabisa. Mara Nthenya akajilaza chali!

“Ameanguka mtoto wangu!” Kaluki akalia, kwani katika mieleka aliyoijua yeye, anayetangulia ardhini ndiye aliyeshindwa. Akaifunika simu kwa leso.

“Mama, funua! Hebu tazama tena,” Musyimi akasema, akairudisha picha nyuma.

Kaluki akatazama. Nthenya alikuwa chini, ameshika koti la yule mwanamke, unyayo wake ukiwa tumboni mwa mpinzani. Na yule mlima wa mtu ukapaa juu yake, miguu ikielekea mbinguni, ukatua mgongo, puu! Mwamuzi akainua mkono wima. Pambano limekwisha, Nthenya ameshinda.

Kaluki, asiyekosa mzaha hata matangani, aliisogelea simu.

“Kwa hivyo… alilala makusudi?” akanong’ona.

“Makusudi, mama.”

Orodha ilipotangazwa, Nthenya alikuwa amempita Kasiva, na nafasi ya Olimpiki ikawa yake. Kweli, aliye juu mngoje chini. Na ukiona anachelewa kushuka, jilaze umvute.