Viti vya Bi Pelagia

"Umekalia kiti cha mfungwa, mbona mlango umefungwa?" Vijana wengi huicheka kwanza methali hii kwa sababu ya vina vyake, ndipo huuliza ilitoka wapi. Haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilitoka Mafinga, mtaa wa Lusonga, kwenye sebule ya mjane mmoja, na mambo yalikuwa hivi.

Fidelisi Kikoti aliiba jenereta ya watu. Hakusingiziwa, aliiba kweli, akafungwa miaka sita. Huko gerezani alipangiwa useremala, na mtu ambaye nje hakuwahi kupigilia msumari ukanyooka, akatoka fundi. Kifungo kilipoisha alipata kazi kwa seremala mmoja wa sokoni. Kazi aliipata siku ya tatu. Chumba ndicho kilichomshinda.

Alikuwa akilala humo humo karakanani, juu ya maranda. Maranda hayakumsumbua, ni laini kuliko sakafu ya jela. Kilichomsumbua ni binti yake, Oresta, mwenye miaka kumi na moja, aliyelelewa na shangazi yake muda wote huo. Shangazi alikuwa amemwambia waziwazi, "Mtoto wa kike simtoi aje kulala kwenye maranda. Pata chumba, shule zikifunguliwa umchukue. Usipopata, anabaki kwangu." Na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Alipiga hodi nyumba nne. Kila mahali mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipokuja swali lile lile: "Kabla ya hapa ulikuwa unakaa wapi?" Nyumba ya tatu alijaribu kusema alikuwa safarini. Jirani akamtambua kabla hajatua begi. Hapo akaapa kusema kweli, na kweli ikamfukuza nyumba ya nne.

Ijumaa akamwendea Mzee Chengula, mjumbe wa nyumba kumi, mtu mfupi asiyependa kuzungushwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake.

"Hakimu alikupa miaka sita," alisema. "Hakuandika kwamba ukitoka ulale na maranda. Twende kwa Bi Pelagia, ana chumba cha uani."

Bi Pelagia aliwapokea kwa bashasha. "Kamwene, Mzee Chengula."

"Kamwene, mama. Nimekuletea mpangaji."

"Karibuni, kaeni. Kaeni kwa raha zenu, viti hivi havivunjiki." Akakipiga kiti kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe wake. "Hawa mafundi wenu wa mtaani wanatupaka vanishi ya macho, ndani misumari mitupu. Hivi nilivinunua magereza. Mninga mtupu. Mwaka wa tano huu, na marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mzito."

Fidelisi alitazama miguu ya kiti alichokalia, akainamisha uso asionekane akitabasamu.

Chumba alikiona, kikampendeza. Kilikuwa na madirisha mawili na jua la asubuhi. Bi Pelagia naye alipendezwa na kijana asiye na maneno mengi. Wakarudi sebuleni, akajitupa kwenye kiti chake kikubwa.

"Mimi sina neno. Eti, kabla ya hapa ulikuwa unakaa wapi, baba?"

"Gerezani, mama. Miaka sita. Niliiba jenereta, nikaadhibiwa, nimemaliza. Sasa ni seremala sokoni, nataka kukaa na binti yangu."

Uso wa Bi Pelagia ukabadilika. "Mzee Chengula, umeniletea mfungwa?"

"Nimekuletea fundi."

"Mfungwa ni mfungwa. Mimi ni mwanamke peke yangu, nina wapangaji, nina kuku. Kilichotoka jela hakikai ndani ya ua wangu. Samahani, baba. Nenda salama."

Fidelisi akasimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alikuwa anawaza atamwambiaje Oresta. Alipogeuka ili aage, akamwona Mzee Chengula amekikumbatia kiti, anatoka nacho mlangoni.

"Unakipeleka wapi kiti changu?"

"Nje. Kimetoka jela hiki. Si umesema kilichotoka jela hakikai?" Mzee akakitua uani, akarudi, akabeba cha pili. Alipokitoa na hicho, akaja akasimama mbele ya Bi Pelagia. "Sasa hicho kikubwa. Simama, mama, kiwafuate wenzake."

"Sisimami."

"Simama. Mimi nakusaidia tu kusafisha ua."

"Chengula, nimesema sisimami." Akakishika kiti kwa mikono miwili.

Uani alikuwepo mpangaji mmoja, Vumilia, mkaanga maandazi, ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima. "Tunahama?" aliuliza alipoona viti. Mzee akamweleza kwa maneno machache. Vumilia akachungulia dirishani, akamwona Bi Pelagia aking'ang'ania kiti na Fidelisi amesimama na begi lake. Akasema taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Mama, umekalia kiti cha mfungwa, mbona mlango umefungwa?"

Mabega ya Bi Pelagia yakaanza kutikisika. Alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Kumbe ndivyo nilivyo," alisema. "Miaka mitano namsifu mtu nisiyemtaka. Haya, baba, hivi viti ulivitengeneza wewe?"

"Sijui, mama. Tulikuwa mafundi kumi na wawili. Ila hicho chako si changu. Mkono wake wa kulia umelegea."

"Mkono gani umelegea?" Akautikisa. Ukacheza. "Mh. Utaukaza kesho ukishahamia. Nani atakudhamini?"

"Mimi," alisema mjumbe.

"Na mimi," alisema Vumilia dirishani. "Ila viondoeni viti vyenu, vimenizibia jiko."

Kufikia Jumamosi maneno yale yalikuwa yamefika sokoni. Mwenye nyumba ya pili, aliyemkataa Fidelisi, aliulizwa hivyo hivyo na mke wake mwenyewe mezani. Tangu hapo watu humwambia hivyo yeyote anayefurahia kazi ya mikono ya mtu, halafu mtu mwenyewe akimtaka hifadhi anamfukuza.

Jumapili Oresta akaletwa. Chumbani hamkuwa na kitu ila kiti kidogo ambacho baba yake alikuwa amemtengenezea kwa vipande vya mbao. Akaingia, akageuza ufunguo mara mbili, akakaa. Fidelisi alifika na godoro kichwani, akaukuta mlango haufunguki.

"Oresta, fungua."

"Sema hodi kwanza," ilisikika sauti ndani, na kicheko.

Uani kila mtu aliacha alichokuwa akifanya. Fidelisi akalisawazisha godoro kichwani, naye akicheka.

"Mwanangu," alisema, "umekalia kiti cha mfungwa, mbona mlango umefungwa?"