Waya wa Bi Damari

"Waya haufiki kwako bila kupita kwa jirani."

Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi, mkatazamana, na mmoja wenu akauliza ni waya gani huo na jirani gani huyo. Sogeeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Juu kidogo ya mji wa Lushoto, kwenye kilima cha Kwemlezi, aliishi mjane mmoja, Bi Damari Shemweta. Alikuwa karani wa shule mpaka alipostaafu. Miaka ishirini na sita alipiga chapa mitihani na barua za mwalimu mkuu, kwa vidole kumi, macho yake yakiwa dirishani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Yonazi. Mtoto huyo aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitano. Uhai ukabaki, masikio yakaenda. Mama akamfundisha kusoma, akaongea naye kwa mikono na kwa karatasi, na kijana akainukia na akili kama wembe. Alipotimiza miaka ishirini na miwili akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea ualimu wa viziwi.

Simu ilikuwamo nyumbani, lakini simu ni ya masikio. Akina mama wengine waliitana "haloo, haloo" na watoto wao walioko mbali. Bi Damari aliitazama simu yake kama mtu mwenye njaa atazamavyo chungu cha watu kikichemka. Yeye na mwanawe walitegemea barua, na barua ilichukua wiki tano.

Mwaka wa kwanza haujaisha, ikaja barua fupi. "Mama, huku nimekuwa kiziwi mara mbili. Sisikii, na hata lugha ya mikono ya watu wa huku bado siielewi. Mambo yakiendelea hivi, nitarudi."

Bi Damari akaangalia tarehe. Siku thelathini na nane zilikuwa zimepita. Jibu lake lingekwenda siku nyingine kama hizo, na pengine lingemkuta mtoto amekwisha funga mizigo.

Chini ya barua Yonazi alikuwa ameandika anwani yake ya barua pepe. Kaka yake Bi Damari, aliyekuwa Tanga, akamletea kompyuta. Wakaiunganisha na simu. Ikakoroma, ikapiga yowe, kisha ikanyamaza kimya. Wakajaribu tena, vilevile. Basi Bi Damari akashuka mjini, ofisi ya simu, akarudi na fundi aitwaye Kirumbi.

Kirumbi akainua macho kwenye mikaratusi ambako waya ulining'inia, akahesabu viungo kumi na kimoja, akacheka.

"Mama, huu si waya, huu ni ugwe wa kufungia mbuzi. Unachotaka wewe ni laini ya kidijitali. Hii ya zamani ni njia ya mtu mmoja: kompyuta ikipita, simu inasubiri, ukungu ukishuka, wote wawili wanalala njiani. Ile mpya ina njia mbili, na wala haikoromi. Ila inataka waya mzima, usio na viraka, tena usiwe mrefu mno."

Akapima kutoka kwenye kisanduku cha barabarani. Njia fupi ilikuwa moja: kukatiza shamba la Mzee Shebughe, nguzo mbili ndani yake.

"Na tukizunguka kilima?"

"Mawasiliano yatachoka kabla hayajafika."

Miaka saba nyuma, Mzee Shebughe alikuwa na njia yake ya mkato kupita uwanjani kwa Bi Damari, akishuka msikitini. Bi Damari akaona karoti zake zinakanyagwa, akapanda michongoma, njia ikafa. Karoti zenyewe ziliishia kuliwa na fuko. Lakini michongoma ilistawi, na tangu siku hiyo wawili hao walisalimiana kwa kukohoa tu.

Hata hivyo alijitanda khanga akaenda.

"Hodi hapa."

"Karibu." Mzee alikuwa akipukuchua maharage. Hakuinuka, wala hakumsogezea kigoda.

"Shikamoo, Mzee Shebughe."

"Marahaba."

Bi Damari akaeleza habari ya waya na nguzo mbili. Mzee akaendelea kupukuchua mpaka mgeni akamaliza kuongea.

"Karani," akasema, "kutoka hapa mpaka msikitini kwa ile njia ya zamani ni hatua ngapi?"

"Si nyingi."

"Mia tatu. Sasa nazunguka kilima kizima, mvua yangu, jua langu, miaka saba. Miguu yangu inazunguka. Waya wako nao uzunguke."

"Ni kwa ajili ya Yonazi, mzee."

"Jina hilo usiliingize!" Mzee akasukuma ungo, maharage yakamwagika. "Mtoto yule alikuwa akija hapa kila asubuhi tunakamua ng'ombe pamoja. Hasikii, hasemi, lakini tukielewana kuliko wenye ndimi. Nani aliyemfungia njia?"

Bi Damari alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Kumbe alipopanda michongoma, si mzee peke yake ambaye hakumfikiria. Hata mwanawe hakumfikiria. Alikuwa amemwona kijana akisimama mbele ya miiba ile asubuhi mbili tatu na ndoo mkononi, kisha akaacha kwenda. Wakati ule alidhani amekua tu.

Kesho yake jua lilipochomoza alikamata panga. Michongoma ya miaka saba si mchezo. Ilimchana mikono, ikamrarua khanga, naye akakata tu. Ikabaki nafasi ya kupita watu wawili sambamba. Kisha akabeba mawe bapa akayapanga mahali penye mteremko, maana miguu ya miaka sabini si ya kuteleza. Hakutuma mtu kwenda kusema lolote.

Adhuhuri Mzee Shebughe akatoka na fimbo yake. Akafika penye uwazi, akasimama kitambo. Kisha akapita, akigonga kila jiwe kwa fimbo kabla ya kulikanyaga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akashuka kuswali.

Aliporudi alikaa juu ya jiwe moja kati ya yale, akavuta pumzi.

"Fundi wako anakuja lini?"

"Sijamwita. Njia hii sikuifungua kwa sababu ya waya. Hata ukikataa, haifungwi tena."

"Najua," mzee akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Basi siku nguzo zilipokuja, Mzee Shebughe ndiye aliyekuwa msimamizi. Alimhamisha Kirumbi mara tatu ili asikanyage maharage, akashika nguzo kwa mikono yake huku akimkemea kwamba imepinda. Waya mpya ukavutwa, ukaingia nyumbani, ukafungwa kwenye kisanduku cheupe ukutani. Taa ya kijani ikawaka. Safari hii hakuna kilichokoroma.

Bi Damari akaketi, akaandika: "Yonazi, ni mama. Bado upo?" Akatuma. Wakasubiri. Akamimina chai. Chai haijapoa, jibu likaingia.

"Mama? Kweli ni wewe? Nipo! Jana nilikwenda kuulizia tiketi, nikakuta wamefunga."

Mama akapiga kigelegele mpaka Kirumbi akaangusha bisibisi. Vidole kumi vikaanza kukimbia. Mzee Shebughe alisimama nyuma yake, akiviona vidole vile kama kuku wanaodonoa mtama.

"Mwambie yule ng'ombe mwekundu amezaa mapacha. Mwambie!"

Akaandika. Jibu likarudi: "Mzee Shebughe yuko hapo ndani kwetu? Amepitia wapi?"

"Njia yake ya zamani," mama akaandika, akicheka na kufuta machozi.

Jibu likaingia: "Basi nitabaki nimalize. Ila niandikieni kila siku, na majina ya hao mapacha niyachague mimi."

Habari ikaenea kilimani. Watu wakaja kumwuliza Bi Damari aliipataje laini ya namna ile, wakitegemea kusikia habari za ofisi na fomu. Yeye akawajibu neno moja tu. Mzee Shebughe akalichukua akashuka nalo msikitini, Bi Damari akaenda nalo kanisani, na kabla Yonazi hajarudi kufundisha hapa kwetu, hata wasiowahi kuiona kompyuta walikuwa wakilisema.

Kwa hiyo bwana harusi wa leo, aliyegombana na majirani wote kisha akalalamika kwamba hakuna aliyekuja kumsaidia, aliambiwa sawasawa: waya haufiki kwako bila kupita kwa jirani.