Sanduku Lisilo na Mdomo

"Karibu nyingi hukausha yai." Mmeisikia leo asubuhi kwa shangazi yenu Zuhura alipowazuia mlangoni msiingie kumwona mtoto mchanga. Mkaja huku kwangu mmenuna, ati shangazi ana roho mbaya, na tangu lini karibu ikakausha yai? Haya, kaeni. Na wewe, acha kunitafunia mua sikioni. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa kijijini, katika ile nyumba iliyobomoka nyuma ya kisima, na ilianza hivi.

Mle alikaa mjane mmoja, Bi Zaituni, pamoja na binti yake Sikudhani na mume wa Sikudhani, Ntandu, fundi seremala. Bi Zaituni alifuga kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mbegu ile alipewa na mama yake siku anaolewa, na kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Uzeeni macho yakamwisha, miguu nayo ikamwisha, akawa mtu wa kulala kitandani pale sebuleni. Lakini kuku wake aliwajua kwa sauti, mmoja mmoja. Kitu kingine kilichombakia ni ukarimu. Hujamaliza kupiga hodi, "Karibu!" yake imeshakufikia mlangoni. Alikuwa akijisifu kwamba nyumba yake haijawahi kumfungia mtu.

Mwaka ule kikaingia kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku. Ninyi mnakijua kwa chanjo, sisi tulikijua kwa harufu. Kijiji kikabaki bila jogoo wa kuwika. Kuku wa Bi Zaituni wakaisha wote, na yeye akagoma kula, akageukia ukuta. Kilichosalia ni mayai kwenye kikapu chini ya kitanda, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujafika. Sasa mayai yapo, kuku wa kuyaatamia yuko wapi? Kwake hayupo, kwa jirani hayupo.

Ntandu akasema, "Mama, nitakutengenezea kuku wa mbao." Aliwahi kufanya kazi misheni, akaiona huko mashine ya kutotolea vifaranga. Akaunda sanduku, akaliwekea kandili kwa chini, bakuli la maji ndani, vitundu vya hewa ubavuni na mfuniko wa mbao juu. Akaliweka kwenye kona ya sebule, karibu na kitanda cha mkwewe. Kisha akaitwa kijiji cha pili kupaua nyumba, na kabla ya kuondoka alimwambia mkewe maneno haya:

"Yageuze mayai kila siku, hapo kufungua si neno. Lakini ukiona yameanza kudonolewa kwa ndani, mfuniko usiinuliwe tena mpaka watoke wote. Ule mvuke ukikimbia, utando wa ndani ya ganda unakauka, unamganda kifaranga mwilini. Hawezi kugeuka, hawezi kutoka. Anafia humo humo."

Sikudhani akaitika. Alisikia vizuri, nawaambia.

Watu walicheka, we! "Sanduku la Ntandu lina mimba!" Wakaanza kumiminika kulitazama. Bi Zaituni akawa anawaitikia kutoka kitandani, "Karibu! Karibuni! Sikudhani, wafungulie waone." Siku zile hakukuwa na ubaya, maana sanduku lilikuwa likifunguliwa kila siku hata hivyo. Na mama wa watu akaanza kunywa uji. Kila asubuhi anauliza, "Wamelia?" Sikudhani anajibu, "Bado, mama." Mama alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: ashike kifaranga mmoja wa mbegu ya mama yake, ampapase shingo, amkute hana manyoya. Basi.

Siku yenyewe ikaangukia siku ya mnada, katika ule upepo wetu wa Agosti unaopasua midomo. Asubuhi Sikudhani alipofungua ili ageuze, akakuta maganda yana nyufa. Akafunika haraka. Lakini Bi Zaituni alikuwa ameshasikia sauti ndani ya mayai, akalia machozi. "Hao," akasema. "Hao wanangu."

Haukupita muda, hodi. Ni Mwanahawa, dada yake Ntandu, na kundi la wanawake aliokutana nao mnadani.

"Karibu!" akaitikia Bi Zaituni. "Ingieni mwone! Sikudhani, wafungulie."

Sikudhani akasimama mbele ya sanduku. "Wifi, leo haifunguliwi. Wameanza kutoka. Kaka yako kakataza."

"Eti nini?" Mwanahawa akawageukia wenzake. "Mmesikia? Nimewaleta watu kutoka mnadani, nafungiwa sanduku la kaka yangu mwenyewe! Wifi, au tuna jicho baya?"

"Sijasema hivyo, wifi."

"Sasa umesema nini?"

"Sikudhani!" Sauti ya mama ikatoka kitandani, kali. "Unataka kuniaibisha nyumbani kwangu? Mgeni aende akaseme nini? Fungua!"

"Mama, Ntandu alisema..."

"Ntandu siye aliyekuzaa. Fungua mara moja, wafurahi, ufunge."

Akafungua. Lo! Wanawake wakainama wote, wakashangilia, mmoja akaingiza kidole akagusa mdomo uliokuwa umechungulia kwenye ganda. Mvuke ukapanda, upepo wa mlangoni ukauchukua. Nao wakatoka wakaenda kuwasimulia wengine, na wengine wakaja. Hodi. Karibu! Hodi. Karibu! Kwa kuwa wa kwanza walifunguliwa, wa pili hawakuweza kukataliwa, maana utamwonyesha huyu umnyime yule? Siku nzima ikawa hivyo, na kila mmoja anasema, "Mara moja tu."

Alasiri wageni wakapungua. Bi Zaituni akainua kichwa.

"Sikudhani, mbona wamenyamaza?"

Sikudhani akaliendea sanduku. Akainua mfuniko. Mayai yalikuwa yametoboka kila moja kitundu, na katika kila kitundu mdomo mdogo haupumui. Akabandua ganda moja. Utando ulikuwa mkavu, umemshika kifaranga kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Akamtoa, akamweka kwenye kiganja cha mama yake.

Bi Zaituni akampapasa. Akafika shingoni. Haikuwa na manyoya.

"Wote?"

"Wote, mama."

Kidole cha mama kikapita pale shingoni, kikarudi. Kisha akasema, "Miaka yote kuku wangu akiangua nilikuwa nafukuza hata watoto wa nyumbani wasipite karibu. Na mtu akisogea, kuku mwenyewe anamdonoa. Leo nimesahau. Nimeona sanduku, nikasahau kuwa ni kuku. Sanduku halina mdomo wa kudonoa."

"Mdomo ulikuwa wangu, mama," akasema Sikudhani, akaangua kilio.

"Ulikuwa wako. Na mimi ndiye niliyekuziba. Karibu zangu, mwanangu. Karibu zangu ndizo zimeyakausha mayai."

Jioni Mwanahawa akarudi na wenzake. Walikuwa wamesikia, wakaja kutoa pole. Tena walikuwa na uchungu wa kweli, siwasingizii, hakuna aliyekuja kwa ubaya. Wakapiga hodi. Kimya. Wakapiga tena. Bi Zaituni yumo, macho wazi, kifaranga bado mkononi, anawasikia kabisa. Hakuitika. Toka siku ile hadi tulipomzika, kabla ya mvua, mtu hakuisikia tena karibu ya Bi Zaituni. Na mjue binadamu walivyo: walewale walioyala mayai yake kwa macho ndio waliosema bibi kazeeka, kawa na kiburi.

Kishingo hatukuwapata tena. Mnaowaona leo barabarani ni mbegu ya watu wengine.

Basi shangazi yenu Zuhura amezika watoto wawili kabla ya huyu. Akiwaambia leo hakuingiliki, msinune, na msisimame hapo mlangoni kumwaibisha mpaka afungue. Rudini mkachote maji, mkamwekee nje. Karibu nyingi hukausha yai.