Kura ya Ngiri Juu ya Kilima cha Munyu

Paukwa!

Pakawa.

Nyie wakubwa huko nyuma mmeitikia kama mmeitwa kituoni. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ile ya wanyama kupiga kura kwa miguu, palikuwa na kilima kikiitwa Kilima cha Munyu. Ndani yake mlikuwa na chumvi. Juu yake alikaa Bi Kanga, ameatamia mayai. Pembeni palikuwa na shimo, na mlangoni mwa shimo alikaa Ngiri.

Shimo halikuwa la Ngiri. Nasema mapema, maana yeye hatasema. Lilichimbwa na Muhanga, yule mwenye pua kama bomba na makucha kama majembe. Siku moja Muhanga alitoka kwenda kula mchwa. Aliporudi akamkuta Ngiri kakaa mlangoni, kajipaka tope jipya, anamuuliza kama ana miadi.

Basi Ngiri akalamba ukuta wa shimo. Akalamba tena. Chumvi. Akawaita fuko, akawaambia wachimbe, nao watalamba mabaki. Fuko hawaoni vizuri, wakaamini. Wakachimba. Chaka chaka, chaka chaka. Wakachimba kushoto, wakachimba kulia, wakachimba chini ya njia, wakachimba chini ya malisho. Chumvi ikatoka. Wanyama wakaja kulamba, na kila aliyelamba akamwita Ngiri bosi.

Ubosi ukamnogea, ila haukumtosha. Akawa Injinia Ngiri, ingawa maishani mwake hakuwahi kuchimba hata shimo la kujisaidia. Mvua zilipokwisha akawa Dokta Injinia Ngiri. Shahada alipewa na Kima, mpambe wake, kwenye jani la mgomba. Jani likanyauka, udokta ukabaki.

Zikazuka kelele za hapa na pale. Nyumbu alitumbukia mguu njiani. Ngiri akasema Nyumbu hatazami aendako. Kifaru alitumbukia makalio, akakaa hapo mpaka jioni. Ngiri akasema Kifaru amewekeza. Kila aliyelalamika alipewa bonge la chumvi, na mnyama mwenye bonge la chumvi mdomoni haongei vizuri.

Bi Kanga hakuwa na hamu na chumvi. Alikuwa na mayai. Kila alipoparua chini kutafuta wadudu, ardhi ilimjibu. Bwoo. Akiparua tena, bwoo. Mayai yalikaribia kuanguliwa, na kanga hahamishi mayai, hana mikono. Akamwendea Ngiri.

“Bosi wangu, chini ya kiota changu kuko wazi. Wanangu watazaliwa wakianguka.”

“Dokta,” akasahihisha Kima.

Ngiri akamtazama kwa ile huruma ya aliyeshiba. “Bi Kanga, hiyo unayoisikia ni sauti ya maendeleo.”

Bi Kanga akamwambia kwamba maendeleo hayo yana mwangwi mkubwa sana, akarudi kuatamia. Akawaeleza majirani. Majirani wakamwambia, kwa midomo iliyojaa chumvi, kwamba ana wivu.

Sasa Ngiri akataka kiti katika Baraza la Simba. Sikilizeni desturi ya huko. Kura ilikuwa mguu. Unayemtaka, unakwenda mlangoni kwake, unakanyaga chini kwa nguvu zako zote. Gu! Vumbi likitimka, kura imeingia. Msimamizi alikuwa Korongo, naye alisimama kwa mguu mmoja mchana kutwa, asije akapiga kura kwa bahati mbaya.

Ngiri akatangaza nia. Akashangiliwa. Ndipo fuko mmoja akamnong'oneza kumuuliza, hivi hao wapiga kura watakanyaga wapi?

Ngiri akatazama chini. Pale mlangoni palikuwa na ganda tu la udongo, na chini ya ganda hapakuwa na kitu. Mwingine angejitoa. Lakini ukijitoa utaulizwa sababu, na sababu ilikuwa chini ya miguu ya kila mtu. Basi Ngiri akaja na sera. Akaiita Kura ya Kisasa. Akasema nchi zilizoendelea hazikanyagi kishamba, zinagusa ardhi kwa ncha ya kwato, na mwenye elimu ataelewa.

Wanyama wote wakaelewa, maana nani atakuwa wa kwanza kusema hajaelewa? Wakaanza mazoezi. Tembo alitembea kwa ncha za vidole kutoka mtoni hadi bondeni. Alifika kiuno kinamuuma, lakini akasema anajisikia msomi.

Korongo peke yake alikataa. Kura isiyo na vumbi, akasema, yeye haioni.

Siku ya uchaguzi ikafika. Wanyama wakapanda kilima, Tembo mbele, ukoo mzima wa Nyumbu nyuma. Kila hatua, kilima kikaguna. Bwoo. Bwoo. Bi Kanga alikuwa ametandaza mbawa juu ya mayai. Hesabu yake ilikuwa fupi. Ngiri akikanyaga peke yake, litatoboka tundu la ukubwa wa Ngiri. Tembo akikanyaga, kilima kizima kitakaa chini, pamoja na mayai na wapiga kura.

Korongo akainua shingo kutoa ishara. Tembo akainua mguu.

“Samahani, mzee Korongo,” akasema Bi Kanga. “Si mgombea ndiye huanza?”

Tembo akabaki mguu juu. Korongo akafikiri. Akakiri kwamba ndivyo sheria ilivyo: mgombea hujipigia wa kwanza, asije akawaomba wenzake jambo analoliogopa mwenyewe. Sheria ilikuwa imesahaulika tu, kwa kuwa hakuwahi kutokea mgombea asiyejipenda.

Kima akaeleza kwamba Dokta ni mnyenyekevu.

“Unyenyekevu ataendelea nao kesho,” akasema Bi Kanga. “Leo akanyage.”

Tembo akaomba waharakishe, mguu unachoka.

Ngiri akajongea pale mlangoni. Akateremsha kwato moja kama anayeonja uji wa moto. Ti.

“Sijaona vumbi,” akasema Korongo.

Ti.

“Sijaona.”

Nyumbu akauliza kama Dokta amechomwa na mwiba. Mkewe akauliza kama Dokta ana hakika anajitaka. Kisha kutoka nyuma kabisa ikasikika sauti ya Muhanga, ya taratibu, ya puani.

“Kama anashindwa, nipisheni nisimame mimi. Mlango wenyewe ni wangu.”

Hapo ungiri ukampanda. Mkia ukasimama wima kama mlingoti. Akasahau fuko, akasahau ganda, akasahau kila kitu isipokuwa kwamba anadharauliwa hadharani. Akaruka juu. Akatua kwa kwato zote nne.

Gubu!

Akazama. Yalitangulia makalio, uso ukafuata mwisho, mdomo bado wazi. Vumbi likapanda hadi mawinguni. Wanyama wakaruka nyuma. Tembo akaushusha ule mguu wake polepole, mbali, juu ya mwamba. Na ufa ukaanza kutambaa. Kri, kri, kri, kuelekea kwa Bi Kanga. Bi Kanga hakunyanyuka. Ufa ukafika chini ya bawa lake. Yai moja likabingirika hadi ukingoni, likayumba. Mkonga wa Tembo ukalidaka. Ufa ukakoma hapo.

Korongo akachungulia shimoni.

“Vumbi nimeliona,” akasema. “Kura moja.”

Sauti ikatoka chini. “Kwa hiyo naongoza.”

Wanyama wakacheka. Korongo alicheka hadi akashusha mguu wa pili, na mpaka leo haijulikani alimpigia nani. Kisha vumbi likatulia, wakachungulia, wakaacha kucheka. Waliona uwazi umepita chini ya njia, chini ya malisho, chini ya mahali walipolaza watoto wao. Mmoja mmoja, bila kutazamana, wakatema mabonge ya chumvi.

Muhanga akawaonyesha pa kuanzia. Wakarudisha udongo kwa kwato, kwa makucha, kwa mkonga, wakaushindilia kwa miguu, na vumbi la siku hiyo lilishinda la uchaguzi wowote. Ngiri alipotolewa alisema alikuwa ameshuka kukagua.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga wakatoka, wakaparua chini. Ardhi haikuwajibu kitu.

Ndiyo maana hata leo ngiri huingia shimoni kinyumenyume, uso nje. Anashuka huku anahutubia.

Na funzo lake ni hili: anayekuomba ukanyage mahali, mwambie akanyage kwanza yeye, tena kwa nguvu. Hadithi yangu imeishia hapa, ukingoni mwa shimo. Nyie wa nyuma, mkitoka, mtazame mnapokanyaga.