Gari Lililoungoja Mkokoteni

"Sss! Sss! Mzigo huo!"

Sauti ilitangulia, mkokoteni ukafuata, na nyuma ya marobota kumi ya vitenge akatokea Leodegar, akitokwa na jasho kama mtungi mpya. Mikokoteni ya Kariakoo haina honi. Honi ni mdomo wa msukumaji.

"Mgeni wenu anakuja leo," Indumati, mwenye duka la vitenge, alimtania.

"Mgeni gani anakuja kumfukuza mwenyeji?"

Mgeni huyo alikuwa gari lisilo na dereva, lililokuwa likijaribiwa kwa kubeba abiria wanne wanaochangia safari moja kutoka Magomeni. Likifika salama, mikokoteni ingepigwa marufuku mtaani humo ili gari lipate njia. Kwa miaka ishirini mkokoteni ule ulikuwa ndio shamba la Leodegar.

Mara Leodegar na gari hilo wakakutana uso kwa uso. Gari likasimama. Leodegar naye akasimama, akapunga mkono. Desturi ya Kariakoo ni moja: mwenye mzigo akikupungia, pita. Gari halikuijua desturi hiyo. Likangoja.

"Pita basi, ndugu yangu," Leodegar aliliambia.

Gari halikusogea.

"Lina adabu kuliko mume wangu," alisema Indumati. Mtaa mzima ukacheka.

"Mama, usinichekeshe, nitamwaga mzigo wako."

Mwishowe akapita yeye. Mikokoteni mingine ikamfuata, na gari likaingoja yote.

Ndani ya gari, Anaeli, afisa mipango miji aliyeandika rasimu ya marufuku, alikodolea macho kioo cha kompyuta ya gari. Kwa nusu saa kilikuwa kimeonyesha mikokoteni sitini na mitatu. Katika ramani yake haukuwamo hata mmoja. Akashuka.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kukuchelewesha."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Leodegar nasukuma hapa miaka ishirini, na hili ndilo gari la kwanza kunisubiri."

Maneno hayo yalimchoma kama mwiba. Akatazama kando ya barabara: magari matupu, yaliyoegeshwa tangu alfajiri, yamekalia nusu ya njia. Watu wakichangia gari moja, haya yatalala hapa ya nini? Akatoa rasimu yake, akaifuta marufuku kwa mstari mmoja mnene.

"Mzee Leodegar," akasema kwa sauti ili mtaa usikie, "nakuahidi, hapa yanapolala magari haya nitachora njia ya mikokoteni, na rasimu haitaingia kikaoni kabla hujaikagua wewe. Nimepita mtaa huu mara ngapi nisiwaone! Leo mgeni amenifumbua macho. Ndiyo maana husemwa: mgeni njoo, mwenyeji apone."